Desmond Kershaw na Ungamo la Rosalind

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka London kwa treni ya asubuhi, asanteni kwa kuketi nasi katika baridi hii. Mimi ni Brenda, mdogo wake marehemu. Magazeti yamekwisha kuandika juu ya filamu yake, na yataandika tena, kwa hiyo Judith, binti yake, ameniomba nisome habari za mtu mwenyewe, kama zilivyokuwa, nami kwa umri huu sina tena nguvu za kuzipamba.

Marehemu Desmond Kershaw alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Rochdale, mtoto wa kwanza wa Bwana Harold Kershaw, dereva wa basi, na Bi. Edith, aliyefanya kazi katika kiwanda cha pamba hadi kelele za mashine zikamharibu masikio, hivyo nyumbani kwetu watu walizungumza kwa kutazamana usoni, na Desmond alikua akiamini kwamba uso wa mtu haufichi kitu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, akafaulu kuingia sekondari ya wavulana mwaka 1949, akalitumikia jeshi miaka miwili, na mwaka 1958 akaajiriwa na kituo cha televisheni mjini Manchester, kazi yake ikiwa kukata na kuunganisha picha, kazi aliyoipenda kiasi cha kusahau kula, na kufikia mwaka 1966 alikuwa akiongoza tamthilia zake mwenyewe.

Tarehe 3 Juni 1967 alifunga ndoa na Bi. Rosalind Penhale, mwigizaji, katika kanisa la kwao Penzance, siku ya mvua, baba yetu akicheza dansi na koti lake la mvua mwilini, na sikupata tena kumwona kaka yangu na furaha kama ile. Judith alizaliwa tarehe 9 Februari 1969.

Novemba 1972 alianza kupiga ile filamu mnayoijua, ya mume anayemfuata mkewe kila aendako mpaka anamwua, akampa Rosalind nafasi ya mke, na Bwana Gareth Probert nafasi ya mwanamume anayeshukiwa kuwa hawara yake. Mimi nilikuwapo, nikiwapikia chai na mikate ya nyama katika nyumba ya kupanga kule Whitby ilikopigwa, na niliona siku ya tukio la ungamo, pale mke anaposema, ndiyo, nimelala naye, na sijuti. Aliisema vizuri mara ya kwanza, Desmond akamrudisha, akaisema tena, akamrudisha, mchana ukapita hatujala, hadi mpiga picha akamwambia taratibu, "Des, picha tunayo tangu asubuhi."

"Bado anaigiza," Desmond akajibu.

Jua lilipokuwa linazama, Rosalind aliisema kwa sauti ndogo, machozi yakimtoka kwa uchovu, na Desmond akavua miwani, akasema hiyo ndiyo, akatoka nje bila kumtazama.

Jioni ile jikoni, mbele yangu, alimwuliza, "Mbona mara ile ya mwisho hukuigiza?"

"Nilikuwa nimechoka, mpenzi."

"Mtu akichoka ndipo anaposema kweli."

Rosalind alicheka, akidhani ni mzaha, nami pia nilicheka.

Filamu ilitoka Septemba 1973, ikasifiwa, ikapata tuzo, na kila sifa ilizidi kumdhuru Desmond, kwa maana kila aliyemwambia mkewe ameigiza kama kweli alikuwa, kwake yeye, shahidi mwingine. Alisoma mita ya maili ya gari Rosalind alipotoka sokoni, alipiga simu kila ukumbi mkewe alikofanyia kazi, na alianza kumwita Judith, mtoto wa miaka minne, "binti wa Rosalind." Mama yetu alimshika Desmond mashavu akamwambia, "Mwanangu, ulimwandikia maneno wewe mwenyewe, sasa unamshitaki kwayo?" Akajibu kwamba maneno aliyaandika, lakini ule uso hakuuandika.

Tarehe 20 Aprili 1974, mjini Leeds, nje ya ukumbi wa michezo, marehemu alimgonga Bwana Probert kwa gari, kwa kukusudia, akamvunja nyonga, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na Rosalind, ambaye hadi siku ile alikuwa akimtetea kwa kila mtu, alimchukua mtoto akarudi Penzance. Ndoa ilivunjwa mwaka 1975. Desmond alipotoka gerezani alipata kazi za matangazo ya sabuni na chai, akaishi peke yake mtaa wa pili kutoka kwangu, na kila nilipompelekea chakula cha Jumapili nilikuta mapazia yamefungwa, na filamu ile ikionyeshwa ukutani, Rosalind akisema ndiyo.

Mwaka 2008 alianza kutetemeka mikono, na madaktari wakaona ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Judith aliacha kazi Penzance akaja kumwuguza, akamlisha na kumwogesha, naye akawa anamshukuru kwa adabu kama anavyoshukuriwa mgeni. Mwezi uliopita Rosalind alikuja, akaketi kando ya kitanda, na Desmond, ambaye hakuwa amesema neno kwa siku kadhaa, alimwuliza swali lake la miaka yote, kama alilala na Probert.

"Hapana, Des," Rosalind akasema. "Ilikuwa hapana wakati ule, na ni hapana leo."

Desmond alimtazama usoni, kisha akamgeukia muuguzi, akasema, "Huyu anajua kuigiza."

Muuguzi alitabasamu, akidhani ni sifa. Rosalind alimfuta mdomo, akavaa koti, akaenda kituo cha treni. Desmond alifariki tarehe 6 Februari 2011, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Judith.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wetu kwa supu na kwa kutouliza mengi, na wenzake wa kazi waliomkumbuka. Tunamshukuru Bwana Probert, aliyeketi kule nyuma na fimbo yake, ambaye hakuwa na sababu ya kuja. Tunakushukuru Judith, na kwa kuwa marehemu hakukwambia, nakwambia mimi mbele ya wote hawa, kwamba wewe ni mtoto wa kaka yangu.

Desmond, kaka yangu, umetazama vya kutosha. Fumba macho sasa, upumzike kwa amani.