Majibu ya Damu ya Naswa

Mgeni rasmi Daktari, mzee wa kijiji, baba zetu wa mashua na mama zetu wa omena,

Kabla hatujakupa mkono, tukueleze jambo ambalo jirani yetu Mama Ondiek anadai aliliona. Anadai alikuwa akianika nguo, akachungulia ua, akamwona Odongo fundi wa mashua ameshika vidonge vya mke wake vya kupanga uzazi. Anadai alitia kimoja mdomoni, akakishushia na uji, akapangusa ndevu kama mtu aliyemaliza kazi ya halali. Odongo alikataa katakata. Mama Ondiek akaapa. Sisi tulicheka mpaka kunguru wakaila omena yetu.

Hatucheki tena.

KARIBU DUNGA

Karibu, Daktari. Kiti tumekipangusa, na soda iko kwenye maji baridi. Ila tusikufiche: ulipofika tuliangalia kwanza nyuma ya gari. Tumeyaona masanduku ya barafu, lile la kifuniko chekundu na lile la buluu. Tuliambiwa unakuja kutusalimia. Hatujawahi kuona salamu zikibebewa barafu.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanawake tunaokausha na kuuza omena, dagaa wa ziwa hili, hapa ufuoni. Wengine ni wazaliwa, wengine tuliolewa kutoka upande wa Bungoma, kama Naswa, mke wa Odongo. Mwaka jana watu wako walikuja kuchunguza kwa nini presha huwashika wanaume na wanawake kwa njia tofauti. Walitupima mikono, wakachukua damu: ya kina mama sanduku jekundu, ya kina baba la buluu. Wanaume waliulizwa kama wanavuta sigara. Sisi tuliulizwa siku ya mwisho ya hedhi, kwa sauti, mama mkwe akiwa kwenye foleni hiyo hiyo. Tukajibu, kwa sababu mliahidi majibu kabla ya mvua.

Kijana wenu mmoja alieleza kwamba mwanamke ambaye bado anapata hedhi ana homoni zinazosaidia mishipa yake, na kwamba zikipungua uzeeni, presha yake humfikia mwanamume na hata kumpita. Odongo, ambaye presha yake iko juu tangu zamani, alishika nusu ya kwanza tu. Alijua kliniki huviita vidonge vya Naswa vidonge vya homoni. Akapiga hesabu yake kimyakimya, kama anavyopima mbao.

TULICHOFANIKIWA

Tumeacha kugawana vidonge vya presha kama watu wanaoombana chumvi. Kila Jumamosi dada Ekta mwenye duka la dawa hutuletea mashine, tunapimana. Wanaume nao huja, ingawa husema wamemsindikiza mke.

Hapo ndipo Odongo alipokiri. Presha yake ilikuwa imepanda badala ya kushuka, na kifua kilimuuma akivaa shati. Ekta akamwambia homoni ya kidonge si ile ya mwilini, na kuna watu ambao huwapandisha presha.

"Mama Ondiek, ulichokiona ulikiona," Odongo akasema.

"Sasa uombe likizo ya uzazi," Mama Ondiek akamjibu.

Naswa hakucheka. "Kumbe ni wewe," akasema. "Nami nilidhani ni mimi niliyemeza nikasahau." Alikuwa tayari na mimba, tangu kabla mashine ya Ekta haijafika.

KINACHOTUSUMBUA

Naswa ana miaka arobaini na moja. Miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Kliniki wanamuuliza: presha hii ilikuwepo kabla ya mimba, au imekuja na mimba? Wanasema dawa yake, na mahali atakapojifungulia, vinategemea jibu. Naswa hajui. Waliompima kabla ya mimba ni ninyi peke yenu. Mkono mliufunga, namba hamkumwambia.

Simu mliyotuachia haipatikani. Tuliposikia gari lenu limeonekana Katito tulituma mtu. Alikuta mmeondoka, na wanawake wa huko wakisubiri kama sisi. Wapo wanaosema damu yetu iliuzwa. Sisi hatusemi iliuzwa. Tunasema ilipanda gari na haijarudi, hata kwa maneno.

TUNACHOOMBA

Tulikuwa na maombi mengi: choo, taa, kivuli cha meza za omena. Tumeyaondoa, usije ukajibu lililo rahisi ukaaga. Limebaki moja. Naswa ameketi karibu nawe, yule wa leso ya kijani. Mwambie presha yake ilikuwa ngapi mwaka jana, na damu yake ilisema nini. Kama hukumbuki, piga simu hapa hapa. Tutasubiri, omena imetufundisha kusubiri hata jua likijificha.

Ukishamjibu, mikono yetu hii hapa, fungua masanduku. Tunajua uchunguzi huu unaweza kuwafaa watoto wetu. Lakini jibu litangulie sindano.

Mungu akulinde njiani, ailinde mimba ya Naswa, na mishipa ya kila aliyeketi hapa, mke kwa mume.

Ni sisi, Wanawake Wakausha Omena wa Dunga.

Imesomwa na Lorine Ajwang, ambaye bado amesimama.