Wasifu wa Sajini Machela, Aliyewapandisha Wenzake Ngazi

Baba yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Mei 1959, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alisoma hadi kidato cha nne, kisha akaingia chuo cha useremala, ambako hakudumu. Mwenyewe alikuwa akicheka kwamba kiti chake cha kwanza kilimwangusha mwalimu.

Januari 1979 alijiunga na jeshi, akapangiwa kikosi cha tiba, kazi yake kubeba majeruhi. Alirudi kutoka vitani na jina la Machela na usingizi wa mang'amung'amu. Alilala sakafuni, karibu na mlango. Sisi wanawe tulijua mapema kwamba baba haamshwi kwa kuguswa. Anaitwa kwa mbali.

Mwaka 1984 alimpelekea fundi cherehani mmoja suruali iliyofumuka gotini. Wiki iliyofuata akairudisha, na iliyofuata tena. Fundi akamkazia macho: "Kaka, hii suruali inachanika au inachanwa?" Walifunga ndoa Novemba mwaka huohuo.

Alipostaafu mwaka 1999 aliajiriwa mlinzi wa hospitali. Kliniki ya miguu bandia ilikuwa ghorofa ya pili, na lifti ilishakufa. Askari wa zamani waliokatwa miguu walipanda ngazi kwa kutambaa, watu wakiwaruka. Marehemu akaanza kuwabeba mgongoni. Rafiki yake wa kikosini alikataa. "Nimechoka kubebwa kama gunia, Machela. Niache." Rafiki huyo alirudi nyumbani na kidonda chake, kikaoza, akafa.

Walipotoka kumzika, marehemu aliingia ofisini kwa mganga mkuu, akachuchumaa na kumpa mgongo. "Panda, daktari, nikupeleke kliniki yako."

Siku hiyohiyo alifukuzwa kazi. Lakini kila Alhamisi, siku ya kliniki, alirudi na wenzake, wakakaa chini ya ngazi, wakimweleza kila aliyepita kilichowaweka pale. Walitukanwa, wakafukuzwa, wakarudi. Mwaka 2012 kliniki ilihamishiwa chini, kwenye chumba kilichokuwa stoo. Baadaye hospitali ikaletewa pia mshauri wa wanaosumbuliwa na kumbukumbu za vita.

Yeye mwenyewe hakwenda kwa mshauri. "Mimi mzima," alisema miaka yote. Mwaka huu, moyo ulipokwisha kutanuka na miguu kuvimba, mama alimbembeleza, akaenda. Aliporudi alikaa kitandani na kumtaja mtu ambaye mama hakuwahi kumsikia: majeruhi aliyemtua njiani akiwa hai, ili abebe mwingine aliyekuwa na nafuu.

"Miaka yote hii ulikuwa naye peke yako?" mama akamuuliza.

"Ningekupa, nawe usilale?"

Alikwenda mara ya pili. Ya tatu alikuta mlango umefungwa. Mshauri alikuwa amehamishwa, na hakuletwa mwingine.

Alifariki wodini Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, jioni, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano na dada yake mkubwa. Ameacha pia wenzake hawa waliokaa mstari wa mbele na magongo yao. Wametuambia kwamba Alhamisi watakwenda kuuliza mshauri mpya yuko wapi.

Mungu ampumzishe baba yetu kwa amani. Alhamisi tutakwenda nao.