Mfuko wa Lekal

Wasikilizaji wapendwa wa Taitung, ni Kulas wenu tena. Mdomo huu umewatania wakwe, mapadri na hata mbuzi wa jirani. Lakini uongo haujawahi kupita hapa. Hata siku moja.

Jioni hii tunamkumbuka Lekal Arik, mrushaji wa timu ya besiboli ya Nyigu, mtoto wa kijiji chetu. Amefariki Jumanne shambani kwake, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Narudia: Lekal Arik. Anazikwa kesho.

Mkono wake ulianzia kwenye mawe ya mtoni. "Alikuwa anaangusha popoo mtini kwa jiwe moja," anasema dada yake mkubwa, Dongi, niliye naye hapa studio. "Mama akimwambia apande, anajibu, kwani mkono ni wa nini?"

Mkono huo ulimfikisha fainali. Nyigu wanaongoza kwa pointi moja. Zamu ya mwisho, wapinzani wamejaza vituo vyote. Lekal akarusha mipira minne, yote nje; kwa sheria mpigaji akapewa kituo bure, na wa mbele akasukumwa hadi nyumbani. Pointi zikalingana. Wa tano akauweka katikati, laini kama embe bovu. Ukapigwa hadi kwenye maegesho ya magari, na Nyigu wakashindwa.

Kesho yake ikatoka ile picha. Asubuhi ya mechi, Lekal anapokea mfuko wa karatasi kutoka kwa mcheza kamari wa mjini. Lekal akasema, "Ni popoo." Basi. Kwetu nani anakataa popoo akipewa mkononi? Lakini mabwana wa ligi hawatafuni popoo; meno yao hayajawahi kuwa mekundu kama yetu. Uvumi ukaenea kwamba mfuko ulijaa noti. Aliyeuanzisha, Mungu anamjua. Lekal akafungiwa kucheza maisha yake yote.

Ile mipira aliiharibu makusudi, au ni kidole kilichochubuka? Tunabishana mpaka leo.

Akarudi kulima matopetope. Sikukuu ya mavuno wanaume hucheza ngoma wameshikana mikono, rika kwa rika. Rika lake liliacha pengo, upana wa mtu mmoja. Miaka tisa. Yeye alisimama nje ya duara, amewashikia wenzake viatu.

"Nikamwambia, ingia, wewe! Miguu imeoza?" anasema Dongi. "Akanijibu, 'Dada, siku watakayokubali kuwa zilikuwa popoo, nitaingia.'"

Usiku huu rika lake linaamua kama jina lake litaitwa kaburini pamoja na majina ya wenzake, au litanyamaziwa.

Familia ya Arik, poleni sana. Dada Dongi, pole. Nasi tuliobaki tujiulize: tulimhukumu mwenzetu kwa ushahidi gani? Neno la mwisho ni lako, dada.

"Asante, Kulas. Umesema Mungu anamjua aliyeanzisha uvumi wa noti. Mimi pia namjua. Alisema hapahapa, kwenye kipaza sauti hiki."

"Ah, dada, ule ulikuwa utani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka sekondari..."

"Sijamaliza. Asubuhi ile uwanjani nilikaa nyuma yako. Lekal alikupitishia mfuko uleule wa pichani. Ulichota mkono mzima, mlafi wewe, hukumwachia hata mwenzako wa pembeni. Mechi nzima ulitangaza na meno mekundu. Haya, rika lake linasikiliza. Waambie ulikuwa unatafuna noti."

Wasikilizaji wapendwa.

Zilikuwa popoo.