Nyani Wakivuna, Mimi Naandika

Shikamooni wazee wangu, na ninyi rika langu, habari za mashamba. Mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Kuanguka nakujua vizuri zaidi, basi nianzie huko.

Mnanijua kama mwalimu. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa na ugonjwa mwingine niliowaficha: nilikuwa naandika riwaya. Miaka sita! Mkono mmoja unasahihisha madaftari ya wanafunzi, mwingine unamwoza mhusika wangu. Nikimaliza rasimu napanda basi kwenda Korogwe kuichapa, naituma kwa mchapishaji, narudi hapa Sindeni kusubiri. Wa kwanza hakujibu. Wa pili alijibu upesi mno, nikajua hakusoma. Wa tatu aliandika kwamba lugha yangu ni safi ila watu wangu hawapumui. Nilimsomea mke wangu barua hiyo kwa hasira. Akasema, "Baba watoto, na wewe unapumua saa ngapi?"

Nikamwahidi: najaribu mara moja tu tena. Akikataa wa nne, karatasi zote ziende jikoni kuwashia moto, na mimi nirudi kuwa mume.

Sasa, msimu ule mlinisaidia kujenga dungu la kulindia mahindi, mkanipa na debe la kugonga nyani wakimbie. Nikapanda juu na daftari. Asubuhi ile sura ya harusi ilinijia yenyewe, sikuweza kuizuia. Niliposikia mahindi yakivunjika, niliandika kwamba mahindi yalikuwa yakivunjika. Chekeni tu, hata mimi sasa nacheka. Nilipoinua kichwa, dume la nyani lilikuwa limekaa chini ya dungu, linamenya hindi, linanitazama kama mkaguzi wa shule. Nusu ya shamba ilikuwa imekwisha. Chakula cha watoto wangu, na debe sikuligonga hata mara moja.

Hamkunitukana. Naam, wawili mlinitukana, na nilistahili. Lakini wote mlikuja kuokoa kilichobaki, tukavuna, tukakaa uani kwangu kupukuchua. Ndipo bibi mmoja, yuko pale mbele, akaniambia, "Mwanangu, hizo karatasi zilizokula shamba zina nini ndani? Hebu tusomee. Mikono ina kazi, masikio yamekaa bure."

Nikawasomea ile harusi. Nilipofika pale bwana harusi anapokula ugali na mama mkwe wake, sahani moja, wanataniana, mikono yote ikasimama.

"Na mkwewe?" bibi akauliza. "Sahani moja? Huyo bwana harusi umemwokota wapi?"

Kicheko kikalipuka, na kikubwa kuliko vyote kilitoka jikoni. Jikoni alikuwa mama mkwe wangu mwenyewe, ambaye kwa adabu zetu sijawahi kukaa naye uso kwa uso. Mke wangu akatoka na ujumbe, anafuta machozi. "Mama anauliza, huyu mwandishi si ndiye aliyejificha kwenye mihogo juzi ili yeye apite?"

Ndiye. Nilichutama kwenye mihogo, mtu mwenye shahada, nikisubiri kanga yake ipotee njiani. Na bado nilikuwa nimeandika watu wa vitabu nilivyosoma chuoni, watu ambao sijawahi hata kuwasalimia.

Nilifuta sura nzima. Safari hii bwana harusi anakutana na mkwewe kwenye njia nyembamba, kuku wa zawadi mkononi. Anatumbukia kichakani. Kuku anakataa kunyamaza. Niliiandika baada ya zamu ya shamba, si ndani ya zamu, nikawasomea tulipopukuchua kwa jirani. Bibi akasema, "Huyu sasa namjua. Hata nyumba yake naweza kuwaonyesha."

Mchapishaji wa nne alikubali. Kitabu ndicho hiki mkononi.

Asanteni kwa mikono yenu, na zaidi kwa masikio. Ninalowaachia ni dogo: ukiwa na kazi mbili, usiwafiche watu moja. Mimi nilificha, na zote mbili zikaliwa na nyani.

Nakala ya kwanza ni ya mama mkwe. Najua amekaa kule nyuma, na macho yangu hayafiki huko. Tafadhali, mtu mmoja amfikishie. Mimi nitatazama dirishani mpaka nisikie anacheka.