Hesabu ya Nyumba ya Kasungami

Mwaka 1986, katika basi ya kwenda Kenya, mtaa wa Lubumbashi, nyuma yangu waliketi Kapya, mwenye kampuni ndogo ya ujenzi, na fundi wake mzee, Mutale. Kapya alitaka kununua ordinateur, yaani kompyuta, yenye programu ya devis, hesabu ya gharama, ikadirie matofali na simenti kabla ya kazi.

“Yaya,” Kapya alimwambia, akimwita kaka mkubwa kwa heshima, “ku ile nyumba ya Kasungami tulikosa simenti, mvua ikaangusha ukuta. Mashini haisahau.”

“Ni mimi nilisahau,” Mutale akajibu polepole. “Ulinifwata ku kilio ya mama ya batoto bangu, ukaniuliza hesabu, nikakupa tu.”

Mimi, mbele yao, nilijifanya natazama nje.

“Pardon, yaya. Nilikuwa naona tu mvua inakuya.”

“Nunua mashini, ile haina kilio. Lakini utaiambia nini? Udongo ya Kasungami, mimi minaijua na miguu.”

“Utaniambia weye, mimi nitaandika.”

“Na siku nikikufwa?”

Basi ilisimama. Kapya akashuka, kisha akageuka na kumnyooshea mzee mkono. Mutale aliutazama kidogo, akaushika, akashuka.