Thaddée na Kiti cha Kiringye

Ndugu wapendwa katika Kristo, kwa niaba ya familia, mimi Georgette nitawasomea maisha ya kaka yangu Thaddée Nduwimana, Mungu anisaidie nisiongeze wala nisipunguze.

Alizaliwa Kiringye, bonde la Ruzizi, tarehe 14 Machi 1927, akasoma shule ya misioni hadi 1942, kisha akawa karani wa pamba. Tarehe 9 Agosti 1950 alifunga ndoa na Honorine, hapa Uvira, wakajaliwa watoto wanne, mmoja wao, Basile, alitangulia.

Mwaka 1961 serikali ilitaka kujua, katika nchi hii yenye dhahabu na shaba, maskini ni wangapi kwa kila mia, Thaddée akapewa kuhesabu Kiringye. Nyumba isiyo na kiti, sufuria wala blanketi iliandikwa maskini. Katika nyumba mia moja alipata maskini wanane, akatuma karatasi kwa ofisi ya Bukavu, na kwa hesabu hiyo Kiringye ikakosa dispansere ya kutibia wagonjwa.

Ndipo shemeji yetu Agnès alipomcheka mbele ya kanisa: « Shemeji, kile kiti cha mguu uliofungwa kamba umekikalia nyumba zote, hata hukukitambua? » Kwetu mgeni hakalishwi chini, basi kiti, sufuria na blanketi vilikuwa vinapitishwa nyuma ya nyumba, vinamtangulia, naye aliyezaliwa palepale macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

Aliomba kurudia, ofisi ikakataa. Alirudia mwenyewe, kila Jumamosi, akikaa chini na kukataa kiti, hadi Aprili 1964, akapata maskini sabini na mmoja. Mwezi uliofuata uasi ukafika Uvira, njia ya Bukavu ikafungwa, akakimbilia milimani, Mulenge, na karatasi zile ndani ya kopo la maziwa. Alizifikisha Bukavu Februari 1967. Jibu halijaja.

Mwezi wa Aprili ini lilianza kumsumbua, akalazwa, akaaga dunia tarehe 3 Juni 1967, saa tisa mchana, baada ya kumwuliza Honorine kama barua ya Bukavu imefika.

Tunawashukuru waganga na masista waliomwuguza, makarani wenzake, na majirani wa Kavimvira. Viti mnavyokalia vimetoka kwenu, nyumba hii ina kimoja tu, naye angependa iandikwe hivyo.

Kaka, umemaliza hesabu yako, pumzika kwa amani ya Bwana, barua tutaingoja sisi.