Chungwa Kwenye Sakafu ya Aminieli

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la Blandina muuza kahawa pale Chome, hata bao halikuguswa. Aminieli seremala alikuwa ametoka kuwaonyesha jambo lililowashangaza. Aliweka chungwa katikati ya sakafu mpya ya zege nyuma ya nyumba yake, itakapokaa karakana, nalo likabingirika lenyewe kuelekea mashariki hadi likadondokea kwenye migomba. Na kesho mashine ya kuranda inapandishwa kutoka Same. Aliyemwaga sakafu ile, Fundi Zebedayo, mzee wa kanisa, alikaa nao, kikombe mkononi.

— Fundi hana kosa, alisema Injinia, ambaye uinjinia wake ni wa kuchomelea redio. Mlima umehama.

— Mbona kanisa liko palepale? Blandina aliuliza.

Mzee Ripoti, mpenda habari wa benchi lile, akasema kanisa nalo limehama, ndiyo maana kengele siku hizi inasikika kwa mbali. Injinia akaona hilo dogo, akadai dunia nzima imeinama.

Zebedayo alisikiliza na, Mungu amsamehe, alifurahi. Kila uongo ulimpunguzia mzigo. Akasema tu kwamba kimo cha kamba yake ya kusawazishia sakafu alikichukua kwenye ukingo wa mfereji wa mababu unaopita uani kwa Aminieli, na mfereji ule haujawahi kumdanganya mtu. Wote wakakubali.

Nasieku, mama wa Kimaasai aliyepandisha mbuzi mnadani, aliweka kikombe chake chini.

— Shikamooni, wazee. Naomba kuuliza. Hayo maji ya mfereji yamesimama, au yanakwenda?

Nyuma ya benchi mfereji uleule ulisikika, ukikimbilia mashariki kama siku zote.

Zebedayo aligeuka kuutazama. Miaka thelathini ya ufundi.

— Marahaba, mama, alisema. Yanakwenda, na ukingo unateremka nayo.

Akamgeukia Aminieli.

— Mpira wa maji wa kupimia usawa nilikuja nao siku ile. Niliona uvivu kuujaza. Halafu leo nimewaacha wenzangu wausingizie mlima. Mashine isubiri wiki moja, ndugu yangu. Naongeza zege upande wa mashariki, kwa saruji yangu.

Aminieli akasimama.

— Huo mpira uko wapi?

Zebedayo akautoa kikapuni, mkavu, bado una vumbi la dukani. Blandina akakung'uta birika. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akalijaza maji ya mfereji, akampa Zebedayo aujaze mpira.